Vali ya Tabo si Adui wa Nguvu

Miezi michache iliyopita nilipita katika gereji moja iliyo kando ya barabara kuu iendayo nyanda za juu za kusini, nikaikuta injini ya lori la zamani imefumuliwa na kutandazwa juu ya turubai. Pistoni mbili zilikuwa zimepasuka, gasketi ya kichwa cha silinda imeungua, na gurudumu la hewa la tabo limebaki vipande. Mwenye lori alikuwa ameketi juu ya tairi bila kusema neno. Mkopo alionunulia lori lile alikuwa hajaumaliza kuulipa.

Chanzo cha hasara yote ile kilikuwa mpira mmoja mwembamba, usiozidi unene wa kidole, ambao ulikuwa umezibwa kwa boliti. Aliyeuziba ni fundi msaidizi, kijana aliyemaliza kidato cha nne, baada ya dereva kumwomba aliongezee gari nguvu kabla ya kupanda mlima. Nilimwuliza kijana yule kanieneo ni kitu gani. Alinijibu bila kusita kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Lakini hakuwa amewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba mpira ule aliouziba ndio uliokuwa ukipeleka kanieneo ya hewa kwenye kifaa kinachoilinda injini isijivunje yenyewe.

Watu wengi pale gerejini walimlaumu kijana. Mimi nasema lawama hiyo haikumstahili yeye peke yake. Sehemu kubwa yapasa kuwarudia wale tunaofundisha sayansi kana kwamba mahali pake ni ubaoni tu. Katika makala haya nitaeleza jinsi tabo inavyolindwa, na kwa nini ulinzi huo haupunguzi nguvu halali ya injini. Kisha nitatoa rai yangu kwa walimu wa shule za sekondari.

Tabo hufanyaje kazi?

Injini hula hewa nyingi kuliko mafuta. Ili kilo moja ya petroli au dizeli iungue vizuri, huhitajiwa takribani kilo 14 na nusu za hewa. Kwa hiyo, anayetaka injini ndogo itoe nguvu kubwa hana budi kwanza kuitafutia hewa zaidi. Wazo la kuutumia moshi wa injini yenyewe kwa kazi hiyo lilisajiliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Moshi utokao kwenye silinda bado una joto na mwendo mwingi. Badala ya kuuacha upotee, Büchi alitaka uzungushe gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine lililo upande wa pili wa mtaimbo uleule. Gurudumu la kwanza tuliite gurudumu la moshi. La pili, ambalo huvuta hewa na kuisukuma kwenye silinda, tuliite gurudumu la hewa.

Faida ya tabo huonekana hasa mahali palipo juu. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric, alipeleka injini ya ndege yenye tabo kwenye kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari, akathibitisha kwamba tabo huirudishia injini nguvu inayopotea kwa sababu ya wepesi wa hewa. Malori yetu hufanya jambo la namna hiyohiyo kila siku yanapotoka Dar es Salaam, yakapanda mlima Kitonga na kuendelea hadi Mbeya, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani.

Sasa, mwanafunzi atazame hatari iliyomo. Gurudumu la hewa lenye kipenyo cha sentimita 5 laweza kuzunguka mara 120,000 kwa dakika, yaani mara 2,000 kwa sekunde. Piga hesabu, utaona kwamba ukingo wake hukimbia mita 314 kwa sekunde, kasi inayokaribia ile ya sauti hewani. Kani inayotaka kuyang'oa mapanga yake huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikizidi kwa asilimia 20, kani hiyo huzidi kwa asilimia 44. Na tabo haina kikomo ndani yake. Hewa ikizidi, mafuta huzidi. Mafuta yakizidi, moshi huzidi. Moshi ukizidi, gurudumu huenda kasi zaidi na kuleta hewa nyingi zaidi. Mzunguko huo usipokatwa mahali fulani, utakatwa na chuma kitakachovunjika.

Mlango wa moshi na mlango wa hewa

Wahandisi waliukata mzunguko huo kwa kuweka milango miwili, na kila mmoja una kazi yake.

Mlango wa kwanza ni wa moshi. Huu ni kifuniko kidogo kilichowekwa kabla ya gurudumu la moshi. Kikifunguka, sehemu ya moshi hupita kando na kwenda zake bila kulizungusha gurudumu. Kifuniko hicho huvutwa na fimbo, na fimbo imeunganishwa na kopo dogo lenye kiwambo cha mpira na springi. Mpira mwembamba hutoka upande wa hewa iliyoshindiliwa na kuingia kwenye kopo. Hewa ikifika kanieneo iliyopangwa, hukisukuma kiwambo, kiwambo huishinda springi, fimbo husogea, na mlango hufunguka. Kasi ya gurudumu hupungua, kanieneo hushuka, na springi huufunga mlango tena. Hewa yenyewe ndiyo inayojipimia na kujizuia.

Hapa ndipo tunapouona uzito wa kosa la kijana wetu. Mpira ule ukizibwa, au ukichomoka, au ukitoboka kwa uzee, kiwambo hakipati habari yoyote. Springi huendelea kuufunga mlango hata kama kanieneo ndani ya injini imepita kiasi. Kifaa hiki, kikikosa habari, huegemea upande wa hatari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpira huu huweza kujengesha injini nzima.

Mlango wa pili ni wa hewa, nao ni muhimu zaidi katika injini za petroli. Injini hizo zina kilango katika njia ya hewa, ambacho hufunguka dereva anapokanyaga mafuta na kufungika anapoachia. Dereva anapoachia ghafla, kilango hufungika, lakini gurudumu la hewa bado linazunguka maelfu ya mara kila sekunde. Hewa iliyokwisha kushindiliwa haina pa kwenda. Ni kama abiria wanaosukumana kuingia ndani ya basi, mara kondakta anaufunga mlango: wa mbele hawawezi kuendelea, na wa nyuma bado wanasukuma. Hewa hushindwa kushikamana na mapanga, hurudi nyuma, kanieneo hushuka, hewa husukumwa mbele tena, kisha hurudi tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Tuuite mrejeo wa hewa. Sauti yake ni ya kukatika-katika, mfano wa njiwa anayepiga mabawa. Kila pigo huusukuma mtaimbo huku na huku, huzilemea beringi zake na kuyachosha mapanga.

Dawa ya mrejeo wa hewa ni vali iliyowekwa kati ya tabo na kilango. Kilango kinapofungika, nyuma yake hutokea upungufu wa hewa. Mpira mwembamba huupeleka upungufu huo kwenye kiwambo cha vali, vali hufunguka, na hewa iliyokwama hupata njia. Katika magari mengi hewa hiyo hurudishwa mahali ilipotoka, kabla ya gurudumu la hewa. Katika mengine hutolewa nje, na ndiyo ile sauti ya mpumuo ambayo vijana wa mijini huipenda sana.

Kupenda sauti si kosa. Kosa ni kubadili vali kwa ajili ya sauti bila kuuliza injini imepangwaje. Magari mengi yana kifaa kinachopima hewa inapoingia, na mafuta hutolewa kwa kufuata kipimo hicho. Hewa iliyokwisha kupimwa ikimwagwa nje, mafuta yake huja vilevile, hukosa hewa ya kutosha, na kwa kitambo kidogo injini hutoa moshi mweusi na kula mafuta bure. Na wapo wanaoiondoa kabisa vali hiyo ili wasikie ule mpigo wa mabawa ya njiwa. Hao hujivunia sauti ya ugonjwa.

Je, kanieneo zaidi ni nguvu zaidi?

Wanaoizuia milango hii husema kwamba kiwanda kimeinyima gari nguvu yake. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa maana ina chembe ya kweli: kanieneo ikiongezwa kidogo, gari huenda mbio zaidi. Lakini tuipeleke hoja hiyo kwenye fizikia.

Hewa ikishindiliwa hupata joto. Tuseme hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi imeshindiliwa hadi kanieneo yake ikawa maradufu. Kwa hesabu ya kompresa isiyopoteza chochote, halijoto itafika nyuzi 93 hivi. Kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, itafika karibu nyuzi 120. Kwa sababu hewa yenye joto hutanuka, hewa inayoingia kwenye silinda haitakuwa maradufu. Itazidi kwa nusu tu, yaani mara 1.5 hivi. Ndiyo maana injini nyingi zina rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia. Anayeongeza kanieneo kupita kipimo hulitoa gurudumu la hewa katika eneo lake la ufanisi na kuizidia kazi rejeta ile. Atakachopata zaidi ni joto, na nguvu kidogo tu.

Katika injini ya petroli, joto hilo na kanieneo hiyo huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta bila utaratibu. Injini hugonga kama inayopigwa nyundo kwa ndani, na pistoni hutoboka. Katika injini ya dizeli, mzigo mkubwa ni kani juu ya pistoni. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10, ikipokea kanieneo ya bar 120, hubeba kani iliyo sawa na uzito wa zaidi ya tani 9. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni hupata pigo hilo karibu mara 17 kwa sekunde. Mhandisi amepima unene wa pistoni, boliti na gasketi kwa pigo hilo. Anayeongeza pigo bila kuongeza unene hukopa kutoka katika uhai wa injini, na deni hilo hulipwa na mwenye gari.

Mafunzo ya historia

Jambo hili si geni. Mwaka 1803 huko Greenwich, Uingereza, bwela la injini ya mvuke iliyobuniwa na Richard Trevithick lililipuka na kuua wafanyakazi. Injini ilikuwa imesimamishwa ilhali mvuke haukuachiwa njia ya kutokea. Trevithick hakuishia kulaumu uzembe wa kibarua. Katika mabwela yaliyofuata aliweka vali ya pili ya usalama, na plagi ya risasi ambayo ingeyeyuka joto likizidi. Alikubali kwamba binadamu atakosea, akaiandaa mashine kwa ajili ya kosa hilo.

Mfano wa pili ni gari la Oldsmobile Jetfire, lililotolewa Marekani mwaka 1962, mojawapo ya magari madogo ya kwanza kuuzwa na tabo. Ili kuizuia injini isigonge, ilinyunyiziwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye chombo maalumu. Chombo kikikauka, kifaa cha usalama kilipunguza kanieneo ya tabo. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini wenye magari wengi hawakukijaza chombo. Gari lilipopoteza nguvu waliona limeharibika, na baadaye wengi waling'olewa tabo na kuwekewa kabureta ya kawaida. Uundaji wa gari hilo ulidumu miaka miwili tu. Kifaa kilifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza dereva kazi hiyo ni ipi.

Mfano wa tatu unawajibu wale wasemao kwamba vali huua nguvu. Mwaka 1977 kampuni ya Renault iliingiza injini ya lita 1.5 yenye tabo katika mashindano ya magari ya Formula 1, na wengine wakafuata. Kanieneo ilipandishwa mwaka hata mwaka. Mwaka 1987 kila gari la tabo lililazimishwa kufungwa vali isiyoruhusu kanieneo kupita bar 4, na mwaka 1988 kikomo hicho kikashushwa hadi bar 2.5. Je, tabo zilishindwa? Mwaka huo wa 1988 magari ya McLaren, yenye injini za Honda zilizofungwa tabo, yalishinda mashindano 15 kati ya 16. Wahandisi walipowekewa mpaka, waliitafuta nguvu katika kuchoma mafuta vizuri zaidi.

Kompyuta haitoshi

Msomaji aweza kusema kwamba siku hizi kompyuta ya gari hulinda kila kitu. Ni kweli kwamba ulinzi umeendelea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Saab ilitumia kihisio kilichosikiliza mgongo wa injini na kupunguza kanieneo mara injini ilipoanza kugonga. Magari ya leo hupima kanieneo daima, na ikizidi, kompyuta hupunguza mafuta na kuwasha taa mbele ya dereva.

Lakini kompyuta nayo huongozwa na vihisio, nyaya na mipira. Fundi asiyeelewa maana ya taa ile huidhani kuwa ndiyo tatizo, akachomoa kihisio au akatafuta namna ya kuidanganya kompyuta. Jambo hilo halitofautiani na boliti ndani ya mpira. Aidha, magari mengi yatumikayo katika nchi zetu yamekwisha tumika miaka mingi kwingineko kabla ya kutufikia, na mipira yake imekwisha kuzeeka. Ulinzi wa mwisho ni akili ya mtu anayefungua boneti.

Rai kwa walimu

Kwa sababu hiyo, natoa rai kwamba vali ya tabo iingie katika somo la fizikia, angalau kama mfano, pale tunapofundisha kanieneo. Haitahitaji fedha nyingi. Chukua kopo, litoboe chini, uunganishe tundu na pampu ya baiskeli kwa kipande cha mpira. Funika mdomo wa kopo kwa kipande cha tyubu kilichokazwa vizuri, na juu yake gundisha kijiti chepesi. Sukuma pampu taratibu, na wanafunzi watakiona kijiti kikipanda. Kisha toboa mpira kwa sindano na usukume tena. Kijiti kitapanda kidogo tu au hakitapanda kabisa, ingawa mkono unasukuma kama mwanzo. Waulize wanafunzi: kama kijiti hiki ndicho kinachofungua mlango wa usalama, injini itapatwa na nini? Swali hilo moja lingeweza kuliokoa lori nililolikuta gerejini.

Wanafunzi wa vidato vya juu waweze kupiga hesabu ya halijoto, ya kasi ya ukingo wa gurudumu na ya kani juu ya pistoni, kama tulivyofanya hapa. Na pale inapowezekana, mwalimu amwalike fundi mwenye uzoefu aje na tabo iliyokufa, aiweke mezani, waishike na kuichunguza mapanga yake. Fundi naye atajifunza. Wapo mafundi wajuao kwa sikio kwamba injini inaumwa lakini hawajui kwa nini, na wapo wanafunzi wajuao kwa nini lakini hawajapata kuisikia sauti yenyewe. Wote wawili wanahitajiana.

Kijana yule niliyemkuta bado yuko palepale gerejini, akifidia hasara kwa kazi ya mikono yake. Nilipokuwa nikiondoka alinifuata hadi barabarani, akiwa na kile kipande cha mpira mkononi, akaniuliza hewa ilijuaje wakati wa kuufungua mlango. Tuliketi kando ya njia, nikamchorea kiwambo na springi ardhini kwa kijiti. Alielewa kwa dakika kumi. Dakika hizo angelizipata darasani miaka mitatu iliyopita.